Mgonjwa Asiyesema Panapouma

Watu walianza kucheka kabla baba yangu hajafika. Wakiona tu kofia yake iliyojaa unga ikipanda kilima cha soko la Magwagwa, mmoja alisema, "Nyamongo huyo," na wengine walikuwa wameshaonyesha meno. Mimi nilitembea nyuma yake kidogo, nikitazama visigino vyake, nikiomba tusikutane na msichana wa rika langu.

Baba alikuwa mtu wa mashine ya kusaga. Mashine yenyewe haikuwa yake, ilikuwa ya tajiri mmoja wa Kisii mjini aliyekuja mara mojamoja kusikiliza injini inakohoaje. Mle ndani mtu akikupigia kelele sikioni unaona mdomo tu. Kwa hiyo baba alisema kwa mikono. Mkono juu, leta debe. Vidole vikisuguana, unataka unga laini au wa chengachenga? Na kiganja kikibonyezwa chini mara moja, hapo ni zima mashine. Ishara hiyo haikuwa na mchezo wala swali, maana mkanda wa injini ulikuwa umekwisha kula vidole vya mtu. Ukiiona, unasimama vile ulivyo. Nilipoacha shule, darasa la pili, nikaja kuwafungia watu magunia, hiyo ndiyo ishara ya kwanza niliyofundishwa.

Sasa, mikono iliyozoea kusema haijui kunyamaza. Kutoka kwa kazi baba akahamia kwa watu. Mama fulani akishatoka na kikapu chake cha wimbi, baba aliwaonyesha waliobaki jinsi alivyoingia, alivyochungulia kinu kama kitamwibia, alivyojifuta unga kisha akaulamba. Foleni nzima ilicheka hadi machozi, na ile kelele ya injini ikameza kicheko chote.

Kwetu Wakisii baba na mtoto wana mpaka kati yao. Tunauita chinsoni. Ni aibu, lakini ni aibu ya heshima, mtu hahitaji kuwa amekosa. Utani ni wa babu na mjukuu. Baba hachezi mbele ya mwanawe, na mtoto hatazami uso wa baba ukiwa umelegea. Na baba yangu alikuwa akitikisa kiuno kama mwanamke aliyebeba vyungu, mimi nikiwa hatua chache tu, na gunia mkononi. Nilijifunza kuangalia mdomo wa gunia. Jioni kisimani wasichana waliniuliza, "Kemuma, leo baba yako alikuwa nani?" Nilijaza mtungi wangu nikaondoka.

Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ya dada yangu Nyangate. Alikuwa ameposwa. Kijana aliitwa Abner, mwalimu, wa upande wa Nyamira, na baba yake, Mogire, alikuwa mzee wa kanisa la Kisabato. Mshenga alikuwa Nyangau, mtu wa ukoo wa mama, mwenye miguu mirefu na maneno mafupi. Yeye ndiye aliyekwenda na kurudi. Wale wazee wawili hawakuwa wameonana hata siku moja. Ndivyo ilivyo, mpaka maneno ya ng'ombe wa mahari yafike mwisho, baba wa msichana na baba wa mvulana hawatazamani, na jambo lenyewe halitangazwi nje ya boma.

Mama alimwambia baba akiwa amempa mgongo, anapembua maharage, "Baba Nyangate, watu wa kanisa wakisikia una mchezo sokoni, ng'ombe watarudi kabla ya kuvuka mto."

"Ng'ombe hawachagui," baba akasema.

"Wenye ng'ombe wanachagua."

Nyangate alikuwa kando yao, akisikia. Alikuwa akishona foronya. Sindano ilisimama kidogo, ikaendelea.

Basi hapo ndipo Okeyo alipoingia katika maisha yetu, na laiti angepeleka mahindi yake mashine nyingine.

Alikuwa Mjaluo kutoka kando ya ziwa, dresa, yaani mfunga vidonda na mdunga sindano, katika dispensari ya Nyamira, kijana mrefu mwenye koti jeupe hata siku ya mapumziko. Siku ile alikuja na mzigo kwenye baiskeli, akasimama foleni. Baba alikuwa anamwiga mhubiri anayefukuza nyuki huku anaomba. Wote walikuwa wamejikunja kwa kucheka. Okeyo hakucheka. Alimtazama baba vile mtu wa dawa anavyotazama mgonjwa akitembea. Injini ilipozimwa akasema kwa Kiswahili, kwa kuwa Kikisii hakujua, "Mzee, mkono wa kushoto umechelewa."

Watu wakageuka. Baba akauangalia mkono wake wa kushoto.

"Umechelewa wapi?"

"Nyuki amekwisha kuuma, ndiyo mkono unakuja. Ukija kabla, tutaogopa pamoja na wewe."

Nilidhani baba atamfukuza. Badala yake akarudia, mkono ukatangulia. Ilikuwa kweli. Bibi mmoja aliruka kama nyuki yuko mle ndani.

"We Mjaluo," baba akasema, "ninyi mnakula samaki na macho yake, ndiyo maana mnaona kila kitu."

"Na ninyi ndizi. Ndiyo maana maneno yenu yanateleza."

Kabla ya hapo baba alikuwa amemjaribu kinyozi mmoja wa sokoni awe mwenzake, lakini yule alikuwa akicheka kabla ya kufika mwisho, wakabaki watu wanamcheka kinyozi. Mtu wa kumrekebisha, baba hakuwa amewahi kumpata. Tangu siku hiyo Okeyo alikuja kila Jumapili, mashine ikiwa imefungwa. Walikaa juu ya magunia matupu, mimi nikifagia. Baba alionyesha kwa mikono, Okeyo aliandika maneno, halafu wakaanza kugombana.

"Haya ni mengi," baba alisema akisomewa. "Watu watacheka saa ngapi na wewe bado unaongea?"

"Lazima waelewe kwanza."

"Wakielewa sana hawacheki. Toa hapo. Toa na hapo."

"Mimi naandika, wewe unafuta. Tutabaki na nini?"

"Tutabaki na kukohoa. Mtu mzima akikohoa vizuri, umeshajua mambo yake yote."

Na Okeyo alifuta, akacheka peke yake na penseli mdomoni. Lakini naye alikuwa na ukali wake. Baba akipenda kitu alikirudia mara mbili, tatu, na Okeyo alimkataza. "Mzee, kicheko ni kama sindano. Hudungi mahali pale pale."

Walikuwa na sharti moja tu. Hawakumwiga mtu wa karibu. Baba alisema wa Magwagwa ameshawamaliza, na akiendelea watamnyima moto wa kuwashia. Kwa hiyo watu wa mchezo walitoka mbali, na aliyewaleta alikuwa Okeyo, kwa kuwa dispensarini hupita kila mtu.

Ndipo daktari mkubwa wa Kisii akaagiza dispensari zifundishe watu waje mapema wakiugua, wasifiche ugonjwa. Okeyo akaomba ruhusa afanye mchezo, siku ya soko, uwanjani pale Nyamira. Akaja mbio kwetu, jasho limelowesha koti.

"Nina mtu," alisema. "Nina mzee mmoja, ukimwona hutalala."

Akatueleza. Mzee aliingia, akasalimu hata viti. Akakaa, akavua kofia, akaiweka gotini, akaifunika na hanchifu kama mtu anayefunika chakula. Akaulizwa anaumwa wapi. Akazungumza habari za mvua. Akaulizwa tena. Akasema haumwi yeye, anaumwa jirani yake. Maana dresa alikuwa wa umri wa kijana wake, na mahali penyewe palipouma si mahali ambapo mzee wa Kikisii atapataja mbele ya mtoto.

Baba alishasimama. Hakungoja. Alivua ile kofia ya unga, akaketi, akaifunika. Mabega yakazeeka palepale. Okeyo akavuta sauti ya kazi.

"Jirani yako anaumwa wapi, mzee?"

"Huko."

"Huko wapi?"

Baba akatazama mlangoni, akatazama dari. Kidole kikatoka polepole, kikamwelekea Okeyo kiunoni, kikateremka. "Ungekuwa ni wewe, ingekuwa hapo."

"Basi nitampa dawa ya kunywa."

"Nipe, nitampelekea. Lakini njiani nitaonja kidogo, nijue kama ni kali."

"Na sindano je? Sindano haipelekwi."

Baba alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, kidevu kikitafuna hewa. "Basi nidunge mimi," akasema. "Nitamweleza."

Nilicheka. Sikuwahi kumcheka baba yangu, na kicheko kilinitoka kwa nguvu hata ufagio ukaanguka. Baba akageuka, nami nikajifunika uso kwa kanga, masikio yakiwaka. Akaangalia pembeni, kama inavyopasa. Halafu akamwuliza Okeyo, "Huyu mzee ni wa wapi?"

"Wa mbali."

"Mbali wapi?"

"Mzee, jina la mgonjwa silitoi. Hiyo ni sheria ya kazi."

"Basi usilitoe," baba akasema, na wote wawili wakaridhika, wakaona wamefanya vizuri. Okeyo hakujua dada yangu ameposwa, kwa kuwa jambo la boma halitoki nje. Baba hakujua mzee ni nani, kwa kuwa jambo la dispensari halitoki nje. Kila mmoja alinyamaza kwa heshima yake.

Siku yenyewe tuliondoka asubuhi na baridi. Mama alikataa kuja, akamkataza Nyangate asitoke hata uani. Mimi nilibeba benchi dogo la mchezo kichwani. Nyamira ilijaa, akina mama na ndizi zao, watoto wenye vikombe walivyogawiwa malkia wa Uingereza alipotawazwa, vikiwa vimekwisha kubanduka rangi, wazee kwenye viti mbele kabisa. Nilisimama kando ya mti, mahali ninapoweza kuona watu badala ya kumwona baba. Ndivyo nilivyozoea.

Mchezo ulianza. Baba akasalimu viti. Kicheko cha kwanza kikaja kama mvua ya mawe kwenye bati. Nikatazama nyuso. Mbele kulikuwa na mzee mmoja mnene kidogo, tai nyeusi, aliyecheka kuliko wote. Alipiga paja. Alimgeukia jirani yake akasema kwa sauti, "Mjinga huyu! Si aseme tu panapouma?" Akafuta machozi na hanchifu. Kisha akaikunja hanchifu vizuri, akairudisha juu ya kofia yake, iliyokuwa imekaa gotini.

Nikamtazama baba kwenye benchi, kofia gotini, hanchifu juu. Nikamtazama yule mzee. Watu waliomzunguka walikuwa wanacheka wakimwangalia yeye, si baba. Mama mmoja mnene aliyeketi nyuma yake, bila shaka mkewe, alikuwa akimvuta mkono wa koti, naye akiusukuma mkono, anataka kuona. Na kijana aliyeinama kumwambia kitu sikioni, akimwita baba kwa Kikisii, "Tata, twende, Tata," nilimfahamu. Alikuwa ni Abner, shemeji yangu mtarajiwa, aliyewahi kunipa pipi mashineni akiniuliza habari za dada.

Sijui nani aliuinua mkono wangu. Baba alikuwa amesimama, amemgeuzia Okeyo ubavu, koti amelipandisha nyuma kwa mkono mmoja, kidole cha mkono mwingine kinaonyesha. Nilisogea mbele, nikabonyeza kiganja chini mara moja. Zima mashine.

Akaiona. Na kwa vile hakuna siku amewahi kuikosea ishara hiyo, alisimama vilevile alivyokuwa. Koti juu. Kidole pale pale. Macho wazi, akitafuta ni nani anayeliwa na mkanda.

Uwanja ulipasuka. Hakuna kicheko kilichokuwa kikubwa kama hicho siku hiyo, walidhani ni mchezo. Macho ya baba yalifuata macho yangu hadi kiti cha mbele. Mzee Mogire naye, kwa kuwa wote sasa walimgeukia, akashusha macho gotini. Akaiona kofia. Akaiona hanchifu. Aliiondoa hanchifu polepole, akaitia mfukoni, akavaa kofia. Wale wazee wawili wakatazamana, mara ya kwanza katika maisha yao, mmoja kofia kichwani na mwingine koti limepanda.

Tulirudi nyumbani. Benchi tulilisahau.

Baada ya siku chache Nyangau alifika, akakataa kuketi. "Mogire anasema ng'ombe wamepata ugonjwa. Hawawezi kutembea kwa sasa."

"Ugonjwa gani?" mama akauliza.

"Hakusema."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Mogire hangeweza kulalamika. Akilalamika ni kusema yule mzee ni yeye, na mahali pale ni pake. Naye baba hangeweza kuomba msamaha, maana msamaha una jina la kosa ndani yake. Nyangate alilala amegeukia ukuta. Asubuhi alimpelekea baba uji, akauweka chini mlangoni, akaondoka kabla baba hajauchukua. Hiyo ndiyo iliyomwumiza baba. Nilimwona akiuangalia ule uji mpaka ukaota ngozi.

Okeyo alikuja Jumapili, ameshasikia habari za posa, bila koti jeupe. Nadhani aliona hastahili kulivaa.

"Kosa ni langu," alisema. "Mtu alinifungulia ugonjwa wake, mimi nikaufanya ngoma ya soko. Jina sikutoa, lakini nilitoa vyote vingine."

"Wewe ulileta kofia," baba akasema. "Aliyeivaa ni mimi."

"Nitakwenda kwake."

"Ukamwambie nini? Kwamba unajua panapouma?"

Nilikuwa nafagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Okeyo akasema taratibu, kama wanapoandika, "Mzee. Yeye aliposhindwa kusema kule dispensarini, alisema nini?"

Baba akamwangalia. Wakaanza. Waliyatunga maneno yale kama walivyotunga mengine, Okeyo akiongeza, baba akifuta, ila safari hii hakuna aliyecheka. Mwisho yalibaki machache hata Nyangau hakuhitaji kuyarudia. Alitumwa amwambie Mogire hivi: Nyamongo ana jirani mwenye ugonjwa wa mikono. Jirani amepata dawa. Kuanzia leo mikono yake itashika mahindi tu.

Jibu lilichelewa hadi tulipokuwa tunavuna wimbi. Nyangau alikuja, na safari hii alikaa, akaomba maji. "Mogire anasema ng'ombe wamepona. Anasema pia, msalimie jirani yako."

Mama alishangilia. Nyangate alimpelekea baba uji, akasimama hapo mpaka baba akaupokea. Baba alikunywa kama anakunywa dawa.

Harusi ilifanyika. Baba aliketi kama nguzo ya nyumba, mikono chini ya mapaja. Watu walikuja wakimwangalia, wakingoja, meno yako tayari, na hakuwapa hata kukohoa. Mogire alikaa upande wa pili, kofia kichwani mchana kutwa, hata wakati wa kula. Hawakutazamana. Watu walisema wakwe hao wana heshima kubwa. Na mimi, niliyeomba miaka yote baba yangu awe kama baba za wengine, nilimwona amekuwa hivyo, nikashindwa kumtazama kuliko hata siku za kutikisa kiuno.

Okeyo bado analeta mahindi. Juzi alikuja mashine ikinguruma, akaanza, kwa mazoea tu, kuonyesha mtu aliyemwona ferini kule ziwani, anayeogopa maji na hataki ijulikane. Alifika katikati akamwangalia baba. Baba alikuwa anaangalia mkanda. Okeyo akabaki na mikono hewani, bila mwenzake, na foleni ikaona aibu pamoja naye.

Nikaweka gunia chini. Sijui kwa nini. Nikashika ukingo wa feri isiyokuwepo, nikajifanya nakagua mbao, huku magoti yanagongana. Mama mmoja akacheka, halafu wa pili. Uso wangu ulikuwa moto, nilijua baba yuko ubavuni mwangu, na hakuna chinsoni inayoruhusu jambo hilo.

Baba hakugeuka. Alikuwa anautazama mkanda vilevile. Lakini mkono wake wa kushoto, ulioning'inia kando ya paja, ulipanda kidogo na kushuka, mapema kuliko wangu, mara moja, kama mtu anayefukuza inzi. Nikaona. Nikaangalia chini, kwenye unga, nikarudia, na safari hii mkono wangu wa kushoto ukatangulia.